Kizibo

Azenor, ulipozaliwa nilikubusu paji la uso
nikakuta chumvi.
Nikacheka. Nikasema: huyu ni wetu kweli,
mababu zake sita wamevuna chumvi hapa Guérande,
atakosaje ladha ya kazi?
Mkunga hakucheka.
Alikugusa shavu, akaonja kidole,
akaandika neno moja kwenye faili.
Kicheko kile bado nakuomba radhi.

Miaka kumi na tisa sasa
nakupiga mgongo asubuhi na jioni,
kiganja nimekikunja kama kikombe,
mpaka makohozi yang'oke,
mazito kama tope la jaruba lililosahauliwa.

Juzi, kule Nantes, Daktari Tifenn
alituonyesha picha kwenye skrini:
ukuta wa njia ya hewa, seli zimebanana kama vigae,
buluu, buluu, buluu,
halafu moja nyekundu.
Nikadhani ni doa.
"Si doa," akasema. "Hii ni moja katika mia,
pengine hata haifiki.
Miaka mingi hatukujua kama ipo.
Tulikuwa tukisaga kipande kizima na kupima wastani,
na wastani humeza wachache.
Lakini ile milango ya chumvi,
iliyoharibika mwilini mwa Azenor,
imejazana humu kuliko kwa jirani yeyote."

Ukauliza, sauti ikikwaruza: "Inafanya nini?"

Akakuna shavu.
Akasema juu ya mapafu mna utando wa maji,
unywele ni mnene kuuzidi mara kumi.
Ukizidi, mtu anazama nchi kavu.
Ukipungua, makohozi yanaganda.
Kuna seli zinazotoa maji;
hii nyekundu, wanadhani, huvuta chumvi irudi ndani,
na maji huifuata.
"Wanadhani," akarudia. "Bado tunabishana."

Nilimpenda kwa neno hilo.

Kwangu mimi maji huondoka, chumvi ikabaki.
Humo kifuani mwako chumvi huondoka
na maji yakaondoka nayo.
Arobaini na moja miaka nimefanya kazi hii kinyumenyume
bila kujua kuna upande wa pili.

Lakini kizibo nakijua.
Kati ya jaruba na jaruba nimechomeka ubao,
una matundu matano, kila tundu na kijiti chake.
Watalii wanapita hawauoni.
Wanapiga picha marundo meupe,
ndege wa miguu mirefu, anga.
Nani apige picha kijiti?
Na kijiti kimoja kikisahaulika usiku,
asubuhi mavuno ya wiki nzima yamerudi kuwa maji.

Wenzako wengi wamepata vidonge,
siku hizi wanapanda ngazi wakiimba.
Wewe hapana. Kasoro yako ni ya aina nyingine,
vidonge havijui anwani yake.
Tulipokuwa garini, kimya, karibu na Savenay,
ukasema: "Baba, basi mimi ndiye ile nyekundu."
Sikujibu. Lori lilikuwa likitupita.

Jioni ukavaa viatu vyangu vya mpira
ukashuka matopeni bila kuniambia.
Nilikuona kutoka ghalani, na reki mkononi.
Ulikohoa kwanza, umeinama, mkono gotini, muda mrefu.
Nikataka kuja. Nikajizuia.
Kisha ukachomoa kijiti cha tatu
ukasubiri.

Maji hayakuja kwa kishindo.
Yalikuja kama mtu anayetandika shuka
kwa mgonjwa aliyelala,
membamba, hayana hata sauti,
mpaka udongo wote ukang'aa.

Ukapima kwa ukucha.
Ukakirudisha kijiti mahali pake.